Jarida Lililomtaja Aidarus

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.
4 Machi 1996

Kwa dadangu mpenzi Mahira,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuandikia sote tukiwa wazima, alhamdulillahi, na twamuomba Mola nawe huko Kisumu uwe katika afya njema. Mama yuwakusalimu sana. Miguu yamsumbua akipanda ngazi za nyumbani, lakini akiitwa harusini hushuka ngazi zizo hizo kama msichana. Mke wangu Mwanabaraka ni mja mzito, miezi sita sasa, na joto la mwaka huu halimpi nafasi. Idd ilipita salama. Sahani yako tuliitenga kama kawaida, na kama kawaida niliila mimi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye karakana yangu ya cherehani pale Bondeni, mikono imejaa mafuta, akaingia mwanamke akanitolea salamu kwa adabu, akaniuliza kama mimi ndiye nduguye Bi Mahira. Jina lake Everlyne Mbodze, mwandishi wa jarida moja la Nairobi. Ni mtu wa kwetu, Mgiriama wa upande wa Kaloleni, na Kiswahili chake kimenyooka. Alisema amekaa nawe siku kadhaa akikutazama kazini, na sasa yuwataka kuandika habari za maisha yako, ulivyolelewa na vipi msichana wa Kibokoni akaja kuwa mwanasayansi.

Aliniuliza kazi yako ni nini hasa. Nikamwambia dadangu hupima damu ya wagonjwa wa malaria. Akashika kalamu akingoja niendelee, nami nikafuta mafuta mikononi. Nilitahayari, dada. Miaka yote hii uko kazini, na nduguyo hajui zaidi ya hilo.

Ameomba azungumze na mama. Nimemwambia nitakuuliza kwanza. Nijibu upesi, maana atarudi mwezi wa nne.

Nduguyo,
Jamaldin


Kisumu
25 Machi 1996

Kwa ndugu yangu Jamaldin,

Wa alaykum salaam warahmatullah. Barua yako imenifikia, nikafurahi kusikia habari za Mwanabaraka. Mwambie asibebe ndoo za maji, na akiona miguu imevimba aende kliniki asingoje. Mimi sijambo. Mvua zimeanza huku, na zikianza mvua wodi yetu hujaa, kwa hiyo Idd ya mfunguo tatu sitaweza kuja. Nisamehe.

Everlyne namjua, ni mtu mzuri. Zungumza naye upendavyo. Mweleze habari za baba na kofia alizokuwa akifuma, mweleze nilivyokuwa nikisomea hesabu juu ya dari. Lakini mama asihojiwe. Sema hajisikii vizuri, au sema amesafiri kwenda Lamu. Na habari za Aidarus zisitajwe kabisa, wala na wewe.

Nimemtumia mama dawa ya kuchua miguu. Achue asubuhi na jioni.

Dadako,
Mahira


Kibokoni
12 Mei 1996

Kwa dadangu Mahira,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta salama. Sisi tu wazima, ila masika ya mwaka huu yamefukua barabara ya Makupa hata malori yakasimama foleni kutwa nzima. Mama achua miguu kwa ile dawa na asema yanuka kama rangi ya mlango. Mwanabaraka amekuwa mzito, yuwangoja siku zake.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Bi Everlyne alirudi kama alivyosema. Nilimpokea karakanani, nikamweleza habari za baba na za dari, naye akaandika. Alipomuulizia mama, nikasema hajisikii vizuri. Uongo wangu haukuishi hadi alasiri. Jirani yetu mmoja alipita Bondeni akamwona, akaenda kumwambia mama kuwa kuna mtu wa magazeti yuwauliza habari za Mahira. Niliporudi nyumbani mama alikuwa amekwisha vaa kanzu yake ya Idd, ameketi sebuleni. Akaniuliza, "Kwani Mahira kazaliwa na nani?" Akanituma nikamwite mgeni.

Bi Everlyne alipokuja, mama alimkaribisha vizuri, akamwita mwanangu, kisha akaniambia nitoke nikatafute mkate wa mofa. Nilipata mkate nikarudi, nikaukuta mlango umerudishwa. Nikakaa kwenye ngazi. Nilisikia sauti ya mama tu, taratibu, haipandi wala haishuki. Ilipoadhiniwa magharibi yule mwandishi akatoka, macho mekundu. Alinishukuru akaenda zake. Mama alikuwa ametulia, akatawadha akasali.

Sijui alisema nini. Dada, nieleze jambo moja. Aidarus mimi namjua kwa jina tu. Najua ni ndugu yetu, najua alifariki na miaka mitatu, wewe ukiwa na tisa, nami sijazaliwa bado. Nyumba hii haimtaji. Lakini kwa nini mama asiulizwe?

Nduguyo,
Jamaldin


Kisumu
27 Mei 1996

Jamaldin,

Salamu kwenu nyote.

Nilikuomba jambo moja tu. Mama ni mtu mzima, na yale atakayoyasema mbele ya mgeni yatasomwa na watu wasiomjua, nao watamhukumu. Nimemwandikia mhariri wa jarida asiyachapishe mazungumzo yale, na ikiwezekana asichapishe chochote.

Sitaki kulizungumza zaidi.

Mahira


Kibokoni
30 Julai 1996

Kwa dadangu mpenzi Mahira,

Assalaam alaykum warahmatullah. Hii ni barua yangu ya tatu tangu ile uliyonijibu kwa ukali. Ya kwanza nilikuomba radhi. Ya pili nilikwambia Mwanabaraka amejifungua salama, mtoto wa kike, mzima, ana sauti kubwa. Labda zimepotea posta. Nasema labda ili nisifikiri vingine.

Maulidi tumeyasoma juzi, na mama ameuliza mbele ya watu kama una ugonjwa tunaomficha. Nikamwambia una kazi nyingi.

Basi nikaamua kumwuliza mwenyewe. Nilimkuta anamkanda mtoto kwa mafuta ya nazi, nikamwambia, "Mahira amekasirika kwa yale uliyomwambia mwandishi." Hakushtuka. Alimgeuza mtoto akaendelea kumkanda, akasema, "Yule binti aliniuliza, nikamjibu. Mahira naye akitaka, aniulize." Sikuweza kupata zaidi ya hapo.

Dada, mimi sijui baina yenu kuna nini. Nimekua nikikuona ukija nyumbani mara moja kwa mwaka, unamletea mama vitu vizuri, unamuamkia kwa heshima, unampima presha, na siku ya tatu unaondoka. Nilidhani ndivyo walivyo watu waliosoma sana. Sasa nashuku kwamba si kusoma. Kama hutaki kuniambia, basi walau nijibu kuwa u mzima.

Nduguyo,
Jamaldin


Kisumu
19 Agosti 1996

Kwa ndugu yangu Jamaldin,

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua zako zote tatu zilinifikia. Hakuna iliyopotea. Nakupeni hongera wewe na Mwanabaraka kwa mtoto, Mwenyezi Mungu amkuze. Nimeona aibu kuandika hongera iliyochelewa, na kila nilivyochelewa ndivyo aibu ilivyozidi. Nimemshonea chandarua kidogo, kitakuja na kifurushi. Alale ndani yake kila siku, hata kama hamsikii mbu.

Mhariri amenijibu. Makala itatoka. Everlyne naye aliniandikia kwa mkono wake, akaniapia kuwa hakuna neno ndani yake litakalomfedhehesha mama. Mwisho wa barua akaniuliza kama nimewahi kumwuliza mama juu ya Aidarus. Sikumjibu.

Nitakwambia wewe, kwa kuwa umeniuliza kwa upole.

Siku Aidarus alipougua, nilipelekwa kulala kwa shangazi Bondeni ili nisiwe njiani. Nilisikia wanawake wakizungumza uani. Walisema Aidarus amepandwa na dege, na siku nyingine wakasema mama alikwenda kwa mganga Jomvu. Nilirudishwa nyumbani kukiwa na matanga. Nikayaunga hayo mawili kwa akili yangu ya kitoto: kwamba mama alimpeleka mtoto kwa mganga, na hospitali akaifikia kuchelewa. Hakuna aliyeniambia sivyo, wala mimi sikuuliza.

Ndiyo sababu niliichagua kazi hii. Kila siku huletewa watoto wenye degedege, wengine wamekwisha kupitishwa kwa waganga na kufukizwa ubani, na sijamkaripia mama hata mmoja. Wenzangu husema nina subira. Si subira, Jamaldin. Kila mmoja wao namwona ni mama yetu.

Niliogopa kwamba ataeleza hayo, na watu wa Kibokoni watasema binti yake huokoa watoto wa wengine, na mama mtu wake mwenyewe alimuua kwa ujinga. Sikutaka aonewe hivyo. Afadhali tuendelee kunyamaza, ndivyo nilivyofikiri.

Mwambie mama mimi ni mzima. Hayo mengine usimwambie.

Dadako,
Mahira


Kibokoni
8 Oktoba 1996

Kwa dadangu mpenzi Mahira,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mtoto amenenepa na yuwalala ndani ya chandarua chako kama bibi harusi. Mwanabaraka akusalimu. Mama ni mzima, na utakapomaliza kusoma barua hii utajua ni mzima kiasi gani.

Jarida limetoka. Kalama, yule dereva wa lori wa Shimanzi niliyemtengenezea cherehani ya mkewe, alilinunua Nairobi akaniletea mwenyewe. Jalada lina mwanasiasa, lakini ukifungua katikati, uko wewe, umekaa chini, na sura ni ya baba mtupu.

Nilimsomea mama baada ya chakula cha mchana, Mwanabaraka na mtoto wakiwapo. Nakunakilia sehemu, ingawa najua utalipata huko:

"Bi Mahira hakai kwenye kiti. Huvua viatu, akaketi mkekani na kina mama, na kabla ya kumgusa mtoto huuliza amekula lini mara ya mwisho. Swali hilo ndilo moyo wa utafiti wake. Malaria kali huimaliza sukari mwilini mwa mtoto, na mtoto aliyeshindwa kula tangu jana hana akiba. Baadhi ya degedege ni ubongo unaolia njaa. Tone moja la damu kutoka kisiginoni linatosha kujua."

Kisha akaeleza habari za yule mtoto wa Ahero aliyeletwa amekakamaa, bibi yake amekwisha kumfunika uso kwa leso. Wewe ukaiondoa leso, ukatoboa kisigino, ukaona sukari imekaribia kwisha, ukamtundikia maji ya sukari. Ukakaa naye. Kesho yake asubuhi akaomba uji. Everlyne amesema ulitoka nje ya wodi ukaegemea ukuta ukalia, kisha ukanawa uso ukarudi kazini.

Mahira, mimi nilijua unapima damu. Sikujua kama ndivyo unavyoishi. Mwanabaraka alikuwa akilia waziwazi, nami nilijifanya naitafuta miwani.

Halafu yakaja maneno ya mama. Nilitaka kuruka, akaniambia nisome. Haya hapa, kama yalivyochapishwa:

"Homa ilimshika usiku. Alfajiri nilimfunga mgongoni kwa leso nikaenda naye hospitali kwa miguu. Dresa akamtazama, akanipa vidonge, akasema ni homa tu, nirudi nyumbani. Adhuhuri dege likampanda. Nikambeba tena, mbio, mpaka pale pale. Wakaniweka kwenye benchi. Nilimwambia karani mtoto amekaza meno, akasema zamu yangu bado. Mwanangu alikata roho mapajani mwangu, zamu yangu bado."

Mwandishi akamwuliza kuhusu mganga. Mama akasema: "Kwa mganga nilipelekwa mimi. Baada ya kuzika sikula, sikusema na mtu. Mama mkwe akanichukua Jomvu nikasomewe, kwa kuwa waliogopa nami nitawafia."

Wanawake wa uani kwa shangazi hawakusema uongo, dada. Mama alikwenda Jomvu kweli. Wewe ulisikia neno la baadaye ukaliweka mbele.

Na la mwisho. Mwandishi alimwuliza kwa nini hakumsimulia binti yake miaka yote hii. Jibu lake: "Hakuniuliza. Nikadhani habari hizo zitamwumiza, basi nikamwacha."

Nilipomaliza, mama aliniambia nisome tena. Nikaanza maneno yake, akanikatiza, akasema, "Siyo hapo. Pale Mahira anapokaa mkekani."

Nimelivunja agizo lako. Yale uliyonikataza kumwambia, nilimwambia siku ile ile. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Alisema, "Masikini, mtoto wa miaka tisa kubeba hayo peke yake." Kisha akaenda kulala kidogo, na alipoamka alitaka biriani. Nikikumbuka miezi yote hii niliyokuwa nikitembea na moyo mkononi, nasikia nimetuliwa gunia.

Nduguyo,
Jamaldin


Kisumu
24 Novemba 1996

Kwa ndugu yangu Jamaldin, na Mwanabaraka, na binti yetu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nimefika salama. Basi liliharibika Voi, tukakaa juani, lakini hakuna lililoniudhi. Wenzangu wameniuliza nimepaka nini usoni.

Barua yako ya Oktoba sikuijibu, maana niliona ni upesi zaidi kuja mwenyewe. Nashukuru hamkuniuliza maswali nilipotokea mlangoni bila taarifa, na nashukuru ulikwenda msikitini Ijumaa ile ukatuacha. Uliporudi ulitukuta tunacheka, ukauliza, tukasema si kitu. Si haki ukose kujua.

Nilikuja nimejiandaa kumwomba mama radhi. Njia nzima nilipanga maneno. Miaka thelathini na saba nilimhurumia kwa kosa ambalo hakulifanya, na huruma ile ilikuwa imemweka mbali nami kuliko chuki. Nikamwamkia, nikakaa chini miguuni pake, nikaanza. Hakuniacha nimalize. Aliniwekea mkono kichwani, akasema, "Nami nataka kukuuliza. Angefika kwako siku ile, angepona?"

Swali hilo nimeulizwa na kina mama wengi, na nina jibu la kuwapa, limepangwa vizuri. Kwa mama sikuweza kulitumia. Nikamwambia kweli yote. "Sijui, mama. Huenda. Wapo tunaowawahi kwa kila dawa na bado hutuponyoka. Lakini najua jambo moja, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Ulimleta mapema. Ulimleta mara mbili."

Aliuondoa mkono wake kichwani mwangu. Nikadhani nimemwumiza. Kisha akasema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya, "Mara mbili." Akaniambia hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo, wala baba, wala mashangazi. Wote walimwambia ni kudra, naye aliikubali kudra, lakini alitaka walau mtu mmoja aseme kwamba yeye alikwenda.

Baada ya hapo alizungumza mpaka sauti ikamkauka. Hakuzungumza juu ya siku ile tena. Alinieleza Aidarus alivyokuwa. Kwamba alikuwa akichukua kofia za baba zinazongoja kufumwa akaziweka kichwani zote kwa pamoja. Kwamba hakuweza kusema jina langu, akiniita Hila. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa, Jamaldin, na aliposema nilimsikia mtoto mwenyewe akiniita kutoka ngazini.

Na kile tulichokuwa tukikicheka ni mbuzi wa jirani. Aidarus alimwogopa mno, akimwona hupiga mayowe nyumba nzima ikasikia. Lakini kila siku, akishapewa mkate wake, alishuka mwenyewe akampelekea nusu, anatembea kinyumenyume ili asimwone, mkono ameunyoosha nyuma, na huku analia.

Mlango huu wa barua naufunga kwa kuwabusu nyote, na mama mbusu mikono yote miwili.

Dadako,
Mahira